Kikapu cha kupikia: mto wa juu ndio unaoivisha

Kikapu cha kupikia, kile cha kufunikia sufuria iliyokwisha kuchemka ili chakula kimalizie kuiva bila moto, wauzaji wengi Nairobi wanakiita fayalesi, wengine jiko la kikapu, na jina hilo la pili limewaponza wanunuzi. Mtu anasikia jiko, anachemsha maharage dakika 5, anayatia ndani na kufunika, kisha saa 7 mchana anakuta punje ngumu kama changarawe. Kikapu hakina moto wa kukupa. Kinashika ule uliokwisha kuulipia kwenye gesi au makaa, na kuuachia polepole. Ukikipa moto kidogo, kitakutunzia hicho hicho kidogo.

Aina zinazopatikana mjini ni tatu: kikapu cha kusukwa chenye sponji ndani, mfuko mkubwa wa kitambaa uliojazwa chenga, na kile unachojitengenezea kwa katoni na mablanketi ya mitumba. Asiye na muda wa kusoma yote achukue hukumu hapa hapa. Kwa familia ya watu 4 hadi 6 inayopika maharage, githeri, ndengu au nyama ngumu angalau mara 3 kwa wiki, ni kitu cha maana. Kwa nyumba ya ugali, sukuma na mayai, kitaishia kuwa kitanda cha paka. Na kile cha katoni, kikitengenezwa kwa makini, hakishindwi na cha dukani.

Kwanza jambo la mji wenyewe. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na huku juu maji huchemka yakifika nyuzi 94 hivi, si 100 kama Mombasa. Ndiyo maana maharage yale yale hukaa motoni muda mrefu zaidi hapa kuliko Pwani, na ndiyo maana karatasi za maelezo zilizoandikwa kwa ajili ya miji ya pwani zinapotosha zikifika huku. Kikapu cha Nairobi kinaanza kazi na nyuzi 94. Maharage huendelea kulainika vizuri mpaka joto lishuke karibu na nyuzi 80. Chini ya hapo yanakwenda mwendo wa kinyonga. Una nyuzi kama 14 za kutumia, basi, na swali la maana dukani ni hilo tu: zitachukua muda gani kuisha?

Kulijibu si kazi. Tia maji lita 4 kwenye sufuria ya lita 5, yachemshe, funika, ingiza kikapuni, funga. Baada ya saa 4 fungua upime kwa kipimajoto cha jikoni. Kikapu kizuri kitakuonyesha nyuzi 75 au zaidi. Kati ya 70 na 75 kinafaa, ila uongeze dakika za motoni. Chini ya 70 ni pambo la sebuleni. Usijaribu kupima kwa kidole, kwa sababu nyuzi 60 na nyuzi 75 zote zinaunguza na kidole hakitakwambia tofauti. Asiye na kipimajoto atumie ndengu: zilowekwe usiku kucha, zichemke dakika 15, zikae kikapuni saa 2. Zikibonyea bila ubishi, kikapu kinafanya kazi.

Wingi wa chakula unahesabika kuliko watu wanavyodhani. Maji lita 4 kwenye kikapu kizuri hupoteza nyuzi 4 hadi 5 kwa saa hapo mwanzoni. Weka lita 2 kwenye sufuria ile ile, na zitapotea karibu mara mbili ya hizo, kwa sababu kuta za kutolea joto ni zile zile na akiba imekuwa nusu. Sufuria ijae angalau theluthi mbili. Nyumba ya watu 2 itumie sufuria ndogo na kujaza pengo kwa matambara, na hata hivyo ikubali kwamba chungu kidogo hupoa haraka kuliko kikubwa.

Sasa tuje kwenye vikapu vyenyewe. Cha kusukwa ndicho kinachovutia macho. Ufumaji wake, uwe wa ukili au wa mkonge, hauzuii joto kwa kiasi cha kusema. Kazi yake ni kubeba. Kinachozuia joto ni hewa iliyonaswa ndani ya sponji, kwa hiyo kabla ya kuuliza bei ingiza mkono ndani, ubonyeze ukuta, chini, kisha kona. Unataka unene wa sentimita 8 mpaka 10 pande zote, chini pia. Vingi vinavyouzwa vina sponji nzuri ubavuni na kipande cha inchi moja chini, kwa sababu chini hakuonekani. Vingine vimepambwa ndani kwa foili inayong'aa na vinauzwa ghali zaidi kwa ajili hiyo. Foili hurudisha joto ikiwa mbele yake pana nafasi ya hewa. Ikigandamana na sufuria upande mmoja na sponji upande wa pili, inabaki kung'aa tu.

Ila kosa kubwa, linalorudiwa kikapu baada ya kikapu, liko juu. Mvuke wa moto hupanda, na mdomo wa kikapu ndio upenyo mpana kuliko zote. Mafundi wanatumia siku nzima kwenye kikapu, kisha mto wa kufunikia wanaushona jioni kwa sponji iliyobaki. Unakuwa mwembamba, mwepesi, na mdogo kuliko mdomo kwa vidole viwili. Weka sufuria iliyochemka, funika kwa mto huo, ungoje dakika 10, halafu pitisha kiganja taratibu kuzunguka ukingo bila kugusa. Mahali pa kuvuja utapajua, kwa sababu kiganja kitapata joto lenye unyevu kama pumzi ya mtu aliye karibu. Mto mzuri una unene wa sentimita 15, ni mpana kuliko mdomo kwa sentimita 5 kila upande, na una uzito wa kutosha kuzama na kukumbatia kifuniko cha sufuria. Muuzaji akiwa na vikapu vitano, acha kutazama rangi. Inua mito, uchague mzito. Na kama tayari una kikapu kinachokusumbua, usikitupe. Peleka mto kwa fundi wa makochi aongeze sponji. Ndiyo marekebisho ya bei rahisi kuliko yote, na mara nyingi yanatosha.

Mfuko wa kitambaa tuupitie haraka. Muundo huo ulipata jina kupitia Wonderbag ya Afrika Kusini, iliyoanza mwaka 2008, na wengi wameuiga. Faida yake ni kwamba unajikunja kufuata sufuria ya umbo lolote na kukazwa kwa kamba, kwa hiyo pengo la hewa ni dogo. Tatizo ni kinachotiwa ndani ya ile ya kuiga: chenga nyeupe za polistirini, kama zile za kwenye maboksi ya televisheni. Zikiwa mpya zinashika joto vizuri sana, lakini hulegea zikikaribia nyuzi 100, na kitako cha sufuria iliyotoka kwenye gesi sasa hivi kinaweza kuwa na joto kuliko chakula kilichomo. Zinasinyaa, mfuko unapwaya chini. Mshono ukiachia, chenga zinatawanyika nyumba nzima, zinang'ang'ania nguo, na mtoto anayetambaa atazitia mdomoni. Kwa nyumba inayonunua kikapu ili ipunguze uchafu wa plastiki, huo ni mzaha. Uliza kilichomo, ikiwa ni vipande vya sponji au sufi, sawa.

Cha kujitengenezea ndicho tunachokipendekeza kwa wengi, na sababu si umaskini. Sponji za mabaki ya makochi na godoro kuukuu haziozi, na zikitupwa safari yake inajulikana: Dandora, jaa lililotangazwa kuwa limejaa tangu 2001. Humo kikapuni zitafanya kazi miaka.

Anza na sufuria, kisha boksi. Pima kipenyo cha ile unayopikia maharage, tuseme sentimita 26, uongeze 20. Hilo ndilo tundu la ndani la katoni, sentimita 46 au zaidi. Katoni ya ukuta mara mbili, ya aina inayobeba majokofu madogo au makopo ya mafuta, ndiyo inayostahimili. Kapu kuukuu la nguo chafu pia linafaa, na hata sanduku la bati la shule kutoka Kamukunji, mradi bati lisigusane na sufuria popote. Utahitaji kilo 2 mpaka 2 na nusu za vipande vya sponji kutoka kwa fundi wa makochi, au mablanketi mawili matatu ya sufu kutoka soko la mitumba la Gikomba, yale yaliyotoboka yasiyo na mnunuzi. Sufu ni bora kuliko pamba kwa sababu hubaki imefura hata ikipata unyevu.

Lalisha sentimita 10 chini. Weka sufuria tupu katikati, ikiwa na kifuniko chake, na ujaze pande zote mpaka usawa wa ukingo. Hapa ndipo wengi wanapoharibu kwa bidii: wanashindilia. Kinachozuia joto ni hewa iliyotulia, na ukishindilia nguo mpaka ziwe kama tofali unaifukuza. Jaza mpaka sufuria isimame bila kuyumba, ubonyeze kwa kiganja, iache. Tandika juu yake kitambaa kizito cha pamba, ukibonyeze kifuate umbo la tundu, na kingo zake uzipigie pini au ushonee nje. Chini ya kitambaa weka tabaka moja la kiroba cha mchele kilichopasuliwa, ili mvuke na mchuzi unaomwagika usiingie kwenye sponji. Chini kabisa, sufuria inapokalia, weka kipande cha gunia la katani kilichokunjwa mara nne, kinachotolewa na kufuliwa. Kisha mto: vipimo ni vile vya juu, foronya mbili, ya ndani imeshonwa pande zote na ya nje ina zipu au kamba.

Sufuria zetu za kawaida, zisizo na mpini, zenye mdomo uliokunjwa na kifuniko bapa, zinafaa mno kwa kazi hii. Kikaango chenye mkono mrefu hakifai. Mkono unanyanyua mto na kuwa bomba la joto kwenda nje.

Upishi wenyewe tuuone kwa maharage, kwa sababu anayeyaweza hayo atayaweza mengine. Chukua vikombe 4 vya maharage makavu, yawe rosekoko au nyayo, uyaloweke kwenye vikombe 12 vya maji kwa saa 8 hadi 12. Mwaga maji hayo, osha, tia maji mapya yapite juu ya maharage kwa vidole viwili tu. Kikapuni hakuna mvuke unaopotea, kwa hiyo maji ya kawaida ya motoni yatakupa supu. Chemsha kifuniko kikiwa wazi kwa dakika 10 za mchemko wa nguvu, mapovu ukiyaengua, halafu funika uendelee dakika 15 nyingine. Dakika za mwisho kifuniko kisinyanyuliwe, ili nacho kiwe moto na nafasi iliyo chini yake ijae mvuke. Kikapu kiwe pembeni ya jiko kabla ya kuzima, mto ukiwa mkononi mwa mtu. Zima, ingiza, funika. Safari nzima isizidi sekunde 15.

Kisha uache. Kuchungulia ndiko kunakoua mapishi haya kuliko wembamba wa sponji. Ukinyanyua kifuniko, mvuke uliokuwa umejaa juu ya chakula unaondoka wote, na hakuna moto chini wa kuurudisha. Baada ya saa 4 ndipo ufungue. Chukua punje moja, uibonyeze kati ya ulimi na kaakaa. Ngozi ikiteleza na ndani pakawa kama siagi, yameiva. Ikiwa ndani pana unga mkavu unaokwaruza, rudisha kwenye moto yachemke dakika 10, uyarudishe kikapuni saa moja na nusu. Hilo halimaanishi umeshindwa. Maharage ya msimu uliopita yaliyokaa ghalani huwa na kichwa kigumu, na yanataka dakika 35 za mwanzo badala ya 25. Chumvi haina neno, itie mapema ukitaka. Nyanya ndiyo ya kungoja: asidi yake hukaza ngozi ya punje, na ikitangulia utapika mpaka kesho.

Githeri ya mahindi makavu inahitaji subira zaidi. Ikiwa imelowekwa usiku, ichemke dakika 35 hadi 40, ikae saa 4, ichemke tena dakika 10, ikae saa 2. Anayekuahidi githeri kwa mchemko mmoja anapika mahindi mabichi. Ndengu zilizolowekwa, dakika 15 na saa 2. Njahi, zihesabu kama maharage ya zamani. Nyama ya ng'ombe ya mchuzi, ikaangwe kwanza kama kawaida, ichemke dakika 20 na kukaa saa 3; kuku wa kienyeji dakika 30 na saa 3; matumbo dakika 40 na saa 4. Viazi na ndizi, dakika 7 na saa moja. Mchele wa pishori, vikombe 2 kwa vikombe 3 vya maji, uchemke dakika 6 mpaka maji yaanze kujificha, kisha dakika 45 kikapuni. Wali ndio unaowashangaza watu, kwa sababu hauna ukoko kabisa. Wapenzi wa ukoko wapikie kwingine. Ugali, chapati na mboga za majani havina biashara humo. Sukuma iliyokaa saa moja hutoka na rangi ya kijivu na harufu ya kabichi ya bweni.

Kuna matumizi mengine yasiyotajwa na wauzaji: maji ya kuoga ya watoto. Lita 4 zilizochemshwa saa 4 usiku huwa bado zinakaribia nyuzi 60 saa 12 asubuhi, na ukizichanganya na baridi unapata ndoo ya kuogesha wawili. Mwezi wa Julai, baridi ya jikoni inazidisha upotevu wa joto kidogo tu, kwa hiyo hesabu hii haibadiliki sana.

Hatari zipo na hazipewi nafasi kwenye matangazo. Ya kwanza ni ya maharage mekundu. Yana lektini, sumu inayoleta kutapika na kuharisha, nayo huharibiwa na mchemko wa kweli. Joto la nyuzi 80 haliiondoi na laweza hata kuizidisha kuliko ilivyokuwa kwenye maharage mabichi. Kwa hiyo zile dakika 10 za mchemko wa nguvu si za ladha. Usiruhusu mtu yeyote kuzikata kwa sababu "kikapu kitamalizia".

Ya pili ni muda. Chakula kilicho chini ya nyuzi 60 kinaanza kuwa shamba la bakteria, na baadhi yao wana mbegu zinazostahimili mchemko na kuamka kinapopoa. Sufuria iliyojaa kwenye kikapu kizuri iko salama kwa saa 6. Maharage yaliyoingizwa saa 3 usiku na kufunguliwa saa 1 asubuhi yamekaa saa 10, na ule uchachu unaowafanya watu waseme kikapu "kinaharibu chakula" ndiko unakotoka. Kinachopikwa usiku kiingie karibu na wakati wa kulala na kichemshwe tena mara tu mtu anapoamka. Nyama na maziwa visikeshe humo kabisa. Na chochote kilichokaa zaidi ya saa 4, kipashe moto mpaka kichemke kabla ya kupakua.

Ya tatu ni moto. Sponji ya godoro hushika moto upesi na moshi wake una sumu kali. Anayepikia makaa apanguse kitako cha sufuria kwa kitambaa kibichi na kukitazama, maana kaa dogo lililonata kwenye masizi linaweza kufukuta ndani ya kikapu kwa saa nzima bila mtu kujua. Sufuria ya mafuta ya kukaangia isiingie humo hata kidogo. Mafuta hufika nyuzi 180 na huyeyusha kile ambacho maji hayawezi. Kikapu kikae sakafuni au mezani, mbali na jiko lenyewe.

Sasa pesa. Wauzaji wanapenda kusema utakata gesi nusu. Tufanye hesabu. Moto mdogo wa kuchemshia hula takriban gramu 50 hadi 60 za gesi kwa saa. Maharage yanayokaa motoni saa moja na nusu zaidi kuliko yale ya kikapuni yangekula gramu 75 hadi 90. Tukitoa mchemko wa pili unaohitajika mara kwa mara, tuseme unaokoa gramu 65 kwa sufuria. Sufuria 3 kwa wiki ni 13 kwa mwezi, yaani gramu 850 hivi. Kwenye mtungi wa kilo 6 hiyo ni sehemu moja kati ya saba. Ni faida ya kweli, ila si nusu. Kwa hiyo kikapu kinachouzwa kwa bei ya kujaza mtungi mmoja wa kilo 6 kitajilipa kwa miezi 7. Kinachouzwa kwa bei ya mitungi mitatu kitachukua karibu miaka 2, na kwa kiasi hicho tungekataa. Cha katoni, ambacho gharama yake ni sponji za mabaki, blanketi na ushonaji wa foronya, hujilipa kwa muda mfupi zaidi.

Wanaotumia makaa wana faida kubwa zaidi, ingawa ni ngumu kuiandika kwa gramu. Jiko la makaa halipunguzwi moto kama gesi. Maharage ya saa 2 yanataka kuongezewa makaa angalau mara moja katikati. Kikapu kinafuta nyongeza hiyo, na moto uliobaki unapikia ugali na mboga. Pia kinapunguza saa za jiko kuwaka ndani ya chumba, jambo zito Juni na Julai madirisha yanapofungwa kwa baridi na hewa ya sumu ya makaa haina pa kutokea.

Na yule mwenye presha kuka? Hapa lazima tuseme ukweli usiopendeza wauzaji wa vikapu. Presha kuka inapandisha mchemko juu ya nyuzi 110, na katika mji unaochemkia 94 hiyo ni tofauti kubwa; maharage yaliyolowekwa yanaiva kwa nusu saa au chini ya hapo. Kama unayo na inafunga vizuri, kikapu hakitakuongezea mengi kwenye maharage. Kitakufaa kwa wali, viazi na kutunza chakula cha anayechelewa kurudi kazini. Wapo wanaotumia vyote viwili: presha dakika 10 kwa githeri, kuacha mvuke utoke wenyewe, kisha kuhamishia kwenye sufuria, mchemko mmoja, na kikapu. Inafanya kazi, ila ni vyombo viwili vya kuosha.

Kikapu hakidumu kwa kuachwa. Adui wake ni unyevu. Sponji iliyolowa mvuke haina hewa, ina maji, na maji hupitisha joto. Kikapu kilichokuwa kinashika nyuzi 75 kinaanza kushuka bila kisa cha kuonekana, halafu harufu ya ukungu inakuja. Kila baada ya kupika, acha wazi saa 2 au 3. Mara moja kwa wiki toa mto juani. Majira ya masika, kuanzia Machi hadi Mei, jua likikosekana siku kadhaa, kisimamishe karibu na dirisha lenye upepo na usikipange chini ya sinki. Mende wanapenda sehemu yenye joto na harufu ya mchuzi, kwa hiyo kitundikwe ukutani kwenye msumari au kamba ya dari, mdomo ukitazama chini.

Sponji ya vipande hulala baada ya mwaka au zaidi. Dalili ni mto unaozama katikati na kubaki na shimo. Ufungue, uvichambue vipande kwa mkono, uviongezee robo kilo vipya, ushone. Foronya ya nje iwe nyeusi au ya rangi nzito, kwa sababu manjano ya mchuzi hayatoki, na iwe na mwenzake: moja kwenye mto, moja kwenye kamba.